Nataka kumwita Chausiku, nyumbani wamekataa

*Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya miezi saba na tumeshaambiwa ni mtoto wa kike. Tangu sijaolewa nilijiahidi kwamba binti yangu wa kwanza nitamwita Chausiku, jina la bibi yangu aliyenilea. Juzi nililitaja mbele ya ndugu, ikawa kama nimetukana. Dada yangu anasema ni jina la kikongwe, mtoto atachekwa shuleni. Mama mkwe hataki mjukuu wa giza, tena akauliza tutafanyaje akizaliwa mchana. Mama yangu mzazi, ambaye nilidhani atafurahi kuliko wote, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hilo jina mimi siliwezi." Mume wangu anasema yeye hana neno. Je, niliache?*

*Mama Mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikiirudia naona umewafunga watu wanne katika furushi moja na kuliita "wamekataa". Hawakukataa jambo moja. Mmoja kati yao hata hajakataa, na huyo nitamrudia mwishoni.

Wa dada yako ndio mwepesi. Jina la kikongwe ni jina ambalo waliokuwa nalo wamezeeka, basi. Majina yana zamu yake. Marekani wanazo orodha za majina ya watoto kuanzia waliozaliwa mwaka 1880, na mwaka huo Emma lilikuwa jina la tatu kwa wasichana. Likashuka miaka nenda rudi, kufikia miaka ya 1970 likawa jina la mabibi, mzazi kijana hakulifikiria. Mwaka 2008 likawa la kwanza nchi nzima, na kuanzia 2014 hadi 2018 hakuna lililolishinda. Mwanasosholojia Stanley Lieberson aliyachunguza mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akaonyesha kwamba majina hupanda na kushuka kama mitindo ya nguo, mara nyingi bila tukio lolote la nje la kuyasukuma. Ndiyo maana jina la rika la mama zetu linatuchosha masikio, na la mama wa mabibi zetu linatujia kama jipya. Dada yako anasikia uzee kwa sababu anamkumbuka bibi. Mtoto atakayekaa dawati moja na binti yako hatamkumbuka bibi yeyote. Atasikia Chausiku kama anavyosikia jina lolote la rafiki.

Kuhusu kuchekwa sitakudanganya. Huenda akachekwa. Mimi nimelibeba jina la kizamani tangu siku niliyozaliwa. Nikiwa darasa la tano niliomba niitwe jingine, kwa sababu darasani nilikuwa peke yangu na walilikata vipande wakaliimbia. Lakini huohuo mwaka walimwimbia aliyekuwa na meno makubwa, na waliokuwa na majina ya kawaida kabisa wakaimbiwa miguu yao. Kilichoniponya ni kwamba niliporudi nyumbani nikilia, kulikuwa na mtu wa kunieleza jina langu limetoka kwa nani na huyo mtu alifanya nini. Kesho yake nilikwenda na jibu. Hapo ndipo naiona tofauti ya jina la zamani na jina la mzaha. Mwaka 2008 mahakama ya New Zealand ilimweka binti wa miaka 9 chini ya ulinzi wake ili abadilishiwe jina, kwa kuwa wazazi walimpa sentensi nzima ya kuchekesha. Mtoto aliona haya hadi akawaambia rafiki zake wamwite kwa herufi moja tu. Yule hakuwa na la kujibu akiulizwa kwa nini anaitwa hivyo. Wako atakuwa nalo, ukimpa.

Mama mkwe ameuliza maswali mawili, na usimchukulie kama adui kwa kuuliza. Maana ya jina ni haki yake kuijua, kwa sababu atakuwa analiita. Tena yapo majina ya zamani ambayo nami nisingekushauri uyafufue eti kwa kuwa ni ya zamani. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Lile lilikuwa linatangaza hali waliyokuwa nayo wazazi wake. Siti ndilo jina alilojulikana nalo, na kwa jina hilo akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kwa hiyo jina la zamani nalo hupimwa. Chausiku ukilipima halina tusi wala huzuni ndani yake. Ni cha usiku, mtoto aliyekuja usiku. Anayesikia giza amelisikia nusu, kwani usiku ndio wakati wa kupumzika, wa mwezi, wa hadithi. Na wahenga waliosema jina jema hung'ara gizani sijui kama walimfikiria Chausiku yeyote, lakini mwambie mama mkwe methali hiyo, aitafune.

Na akizaliwa mchana? Ataitwa Chausiku vilevile. Mwajuma wangapi unawajua waliozaliwa Jumanne, wakapewa jina kwa sababu shangazi yao alizaliwa Ijumaa? Jina likisharithiwa linaacha kueleza saa na siku, linaeleza mtu. Bibi yako alizaliwa usiku. Mtoto wako ni somo wa bibi yako.

Sasa nije kwa mama yako, ndipo nilipokaa sana.

Dada na mama mkwe walitoa sababu. Mama yako hakutoa. Alisema haliwezi. Hakusema jina ni baya wala limepitwa na wakati. Kwako Chausiku ni bibi, mtu wa kubembeleza na kukuficha usichapwe. Kwake ni mama yake aliyemzika. Hujaandika ni lini, ila naona hata hilo jina halitajwi nyumbani kwenu, kwa maana umelitunza moyoni miaka yote hii bila yeye kujua. Fikiria itakavyokuwa. Mtoto atakojoa kitandani, atamwaga uji, atakimbilia barabarani, na bibi yake atatakiwa apaze sauti: wee Chausiku! Kumgombeza mtu kwa jina la mama yako mzazi si jambo dogo. Wapo ambao hawajaliweza mpaka leo, wanamwita mjukuu "mama" ili wasilitamke.

Huyu ndiye wa kumsikiliza, mwanangu. Sisemi uliache jina kwa ajili yake. Nasema usimpe taarifa kana kwamba naye ni mmoja wa wapinzani. Nenda kwake peke yako, siku isiyo na wageni, na usipeleke swali la jina. Mwambie akusimulie bibi alikuwaje kabla wewe hujazaliwa. Alipokuwa kijana alipenda nini, alikasirishwa na nini, nani alimpa lile jina. Wewe unamjua bibi mzee tu. Mama yako anamjua Chausiku wa miaka thelathini. Masimulizi hayo utayahitaji siku binti yako atakaporudi kutoka shuleni na machozi, na hakuna mwingine wa kukupa. Huenda katikati ya kusimulia akalitamka jina mwenyewe, mara moja, mara mbili. Huenda akalia, nawe kaa naye. Kama mwisho bado atasema haliwezi, mruhusu achague la kwake la kumwita mjukuu. Watoto wengi wana jina la nyumbani na jina la shuleni, na hakuna aliyepotea kwa hilo. Chau tu, kwa mfano, ni jina tamu mdomoni.

Nitakuambia pia jambo nisilolipenda, kwa sababu najua utashauriwa: umpe jina la kisasa mbele, Chausiku ulifiche katikati ili kila mtu aridhike. Jina la katikati halimwiti mtoto chakula. Litakaa kwenye cheti cha kuzaliwa, na baada ya miaka kumi utaona uchungu ukikumbuka kwamba ulilitaka na ukalizika kwa mkono wako. Kama ni Chausiku, liwe la kuitwa. Kabla hujaamua, liseme kwa sauti pamoja na jina la baba yake. Liite kutoka chumba kingine. Mfikirie mwanamke wa miaka arobaini akijitambulisha kwalo kazini. Likikaa vizuri kotekote, acha kulijadili na ndugu hadi ajifungue mtu. Jina lisilo na sura kila mmoja hulikosoa. Wakishamshika mtoto mkononi watalizoea upesi kuliko unavyodhani.

Na sasa mume. Barua yako nzima ina mistari mingi ya ndugu na mstari mmoja wa baba wa mtoto. "Hana neno." Mwanangu, mwanamume asiye na neno juu ya jina la mtoto wake wa kwanza, huku mama yake mzazi amelipinga mbele ya watu, ama ameridhika kweli ama amebanwa katikati na ameona heri anyamaze. Hujui ni lipi, nami sijui. Katika jambo hili kauli zenye uzito ni mbili tu, yako na yake, na ya kwake bado hujaisikia. Usimuulize kama amekubali, maana atasema ndiyo. Muulize: "Wewe moyoni ulikuwa umemwita nani?" Kisha ngoja, hata akichelewa kujibu.

Ikiwa ana lake, itabidi mkae mlizungumze kama watu wawili wanaompenda mtoto mmoja, na hapo ahadi uliyojipa kabla hujamjua haitatosha kuwa hoja. Ikiwa hana, mwombe akamwambie mama yake mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba jina mmelichagua wote wawili. Mzigo huo usiubebe wewe na hiyo mimba ya miezi saba.

Niandikie akishazaliwa. Nitataka kujua ilikuwa saa ngapi.