Kidonge cha mifupa hakimezwi kwa chai

SWALI: Nina miaka 63, hedhi ilikoma nikiwa na 49. Niliteleza bafuni nikavunjika mkono, daktari akaniandikia alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Nakimeza alfajiri kwa chai ya maziwa, kisha najilaza tena. Sasa kifua kinawaka. Je, nihamie sindano ya miezi sita anayochoma dada yangu?
Mama wa Tanga

JIBU: Pole, mama. Cha wiki hii usikimeze kwanza. Muone daktari wako. Kiungulia kipya, au maumivu ya kumeza, huenda ni umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, uliochubuka. Ukijilaza, kidonge hunata humo na kuuchoma.

Na hiyo chai imekunyima dawa yenyewe. Hata tumbo likiwa tupu, alendroneti inayoingia mwilini haifiki asilimia 1. Kalsiamu ya maziwa huinasa hiyo kidogo, ikapita bure. Kahawa na maji ya machungwa nayo huipunguza mno.

Daktari akikuruhusu kuendelea: amka, usile kitu, meza kidonge kizima kwa glasi iliyojaa maji matupu. Usikitafune wala kukimung'unya. Kaa wima au tembea dakika 30, ndipo unywe chai. Hata baada ya hapo usilale kabla ya kula. Vidonge vya kalsiamu viache hadi mchana. Ukisahau siku yako, meza kesho yake asubuhi, kisha rudi kwenye siku ya kawaida. Viwili siku moja, hapana.

Sindano ya dada yako yaelekea ni denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi. Ni nzuri, lakini haina msamaha: ukiikatisha, mfupa hupungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Kabla ya kuianza, hakikisha utaipata kila miezi sita, na siku ya kuiacha daktari akupe dawa nyingine ya kushika nafasi yake. Ipo pia asidi ya zoledroniki, dripu moja kwa mwaka, inayofaa wenye shida ya umio. Homa na maumivu ya mwili siku tatu za mwanzo ni kawaida.

Kabla ya yoyote kati ya hizi, pimwa figo, kalsiamu na vitamini D, na jino bovu ling'olewe mapema, kwani ukishaanza dawa hizi, mara chache taya hukosa kupona baada ya kung'olewa jino. Na ukiwa kwenye dawa hizi, paja likianza kuuma bila sababu, mwambie daktari papo hapo.