Ukienda Saadani, uliza kwanza habari za maji

Kila likizo ikikaribia napigiwa simu na jamaa wa bara wanaotaka kuja Saadani, na swali la kwanza huwa lile lile: "Simba wapo?" Wapo. Ukilala ndani ya hifadhi unaweza kumsikia usiku akinguruma kwa mbali. Lakini kama safari yako yote umeifunga kwenye simba, panda basi uende Mikumi, maana Saadani itakuudhi. Huku nyasi ni ndefu, vichaka vimeshonana, na wanyama ni waoga kuliko wale waliozoea misururu ya magari. Shemeji yangu mmoja wa Dodoma nilizunguka naye tangu asubuhi. Aliona twiga, kongoni, tohe, ngiri, na kundi la nyani lililogoma kutupisha njia, na jioni akashuka garini akasema, "Kumbe ndiyo haya tu?" Nilimwacha ale kwanza. Kesho yake alfajiri nikampeleka pwani, na huko ndiko alikoanza kuuliza maswali.

Hifadhi ya Taifa Saadani ina takriban kilomita za mraba 1,100, kati ya Pangani na Bagamoyo. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikapandishwa hadhi mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini ambako mbuga ya wanyama inakwenda kuishia kwenye Bahari ya Hindi. Watu wakisikia hivyo wanapata picha ya tembo anaoga mawimbini, picha ambayo wenye matangazo wanaipenda sana. Tembo hushuka pwani, ndiyo, ila kwa nadra, na hakuna mtu wa kukupangia siku yake. Kinachopangika ni maji.

Kwa hiyo kabla hujachagua tarehe, tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huku kwetu ni bamvua: maji yanajaa sana karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na yanakupwa sana karibu na saa nne. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kidogo, chini ya saa moja, mpaka yanafika maji mafu, ambapo kujaa na kupwa havipishani sana. Usidhani haya ni ya wavuvi peke yao. Wakati wa bamvua bahari ya saa kumi usiku inapanda juu inafuta mchanga wote. Ukifika ufukweni saa kumi na mbili, kila alama unayoikuta kwenye mchanga mbichi ni ya mnyama aliyepita baada ya maji kuanza kurudi. Hapo hata kama humwoni mnyama yeyote, unajua nani alikuwepo na alielekea wapi.

Huwezi kwenda peke yako, lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye silaha, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu wengi wao wanasoma nyayo vizuri kuliko unavyosoma ujumbe wa simu. Siku ile askari wetu alimwonyesha shemeji kwato ndogo za tohe, halafu za kuro, kubwa zaidi na zilizozama, halafu akasimama pahali akaita kwa kidole. Ulikuwa unyayo mpana, na mbele ya kila kidole kulikuwa na kitobo kidogo kwenye mchanga. Shemeji akasema chui. Askari akatikisa kichwa: chui akitembea anaficha kucha, huyu kucha zake ziko nje muda wote. Fisi. Shemeji alichuchumaa akaweka kiganja chake kando ya ule unyayo, akainuka akaangalia vichakani, na tangu hapo hakutembea tena nyuma ya wenzake.

Saa nne hiyo ya kupwa ndiyo pia saa ya boti ya kwenda Mafui, fungu la mchanga lililo baharini ndani ya mpaka wa hifadhi, ambalo maji yakijaa halionekani. Pale kuna matumbawe na samaki wa rangi. Ukifika saa za maji makubwa umelipia boti kwenda kutazama mawimbi.

Tena nisikufiche: maji ya ufukwe wa Saadani si yale ya buluu ya Zanzibar. Mto Wami unamwaga tope lake hapo, na upande wa kusini bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hilo ndilo linalolisha kamba, na kamba ndio wanaolisha kijiji. Ila usioge karibu na mdomo wa Wami. Mamba na viboko hawasomi ramani za mpaka kati ya mto na bahari. Wao watazame ukiwa ndani ya boti, na panda mtoni maji yakiwa yanajaa, kwa sababu mdomoni kuna mafungu na boti huweza kukwama. Mti wa mlilana unatangulia kwenye maji ya chumvi, kisha mikoko yenye mizizi iliyoinuka juu ya tope, na kadiri chumvi inavyopungua ndivyo miti mingine inavyochukua nafasi. Mwambie nahodha azime mashine mara kwa mara. Mashine ikinyamaza ndipo unapomwona mdiria kwenye tawi, na mbega juu wakikuangalia na mikia yao meupe ikining'inia.

Upande wa kaskazini, Madete, ni kwa kasa. Kasa jike hupanda usiku, anachimba shimo, anataga mayai ambayo mara nyingi hupita mia, anafukia, anarudi baharini. Njia aliyojiburuta inabaki mchangani kama alama ya tairi la trekta. Mayai huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Uliza getini kama kuna viota vilivyokaribia, na ukipata bahati ya kukuta vinaanguliwa, zima tochi, weka simu mfukoni. Vitoto vya kasa vinafuata mwanga, na mwanga wa asili ni ule wa baharini. Ukiwawekea wa kwako unawaelekeza kwa kaa na kunguru. Nimewahi kuona mgeni akibishana na askari kuhusu jambo hili, eti mwanga wa simu yake ni mdogo. Udogo kwa nani?

Sasa mbung'o. Hakuna atakayekuandikia hili kwenye kipeperushi, lakini ndiye mnyama utakayemkumbuka zaidi. Anauma kupitia nguo nyepesi, anaandama gari linalotembea, na dawa ya kujipaka ya mbu anaidharau. Vaa nguo nzito kidogo, za rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Acha nyumbani jinzi, fulana nyeusi na chochote cha buluu. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi unavyoviona vimetundikwa porini ni mitego yake, vimepakwa sumu, usivishike. Ukiingia kwenye migunga iliyobanana, funga vioo, na mizunguko mirefu ifanye asubuhi na mapema kabla jua halijapamba moto. Malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o, hayapatikani kirahisi kwa mgeni wa siku mbili, lakini ukipata homa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi. Mwache apime malaria na mengine yote.

Ukishamaliza kumlaani, mshukuru. Miaka ya 1870 wamisionari Waingereza waliiona Saadani kama mlango wa kufikia bara kwa magari ya kukokotwa na maksai badala ya kutegemea wapagazi. Alexander Mackay, yule aliyekwenda baadaye Buganda, alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877. Maksai wakafa kwa mbung'o, na mpango ukafa nao. Miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ikaanzisha ranchi ya ng'ombe Mkwaja. Ng'ombe walichomwa sindano za kinga mwaka hadi mwaka, vichaka vikafyekwa, migunga ikarudi, mbung'o wakarudi na migunga. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa na eneo lake likaingizwa kwenye hifadhi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mbuga unayopita leo upande wa Mkwaja ilikuwa malisho ya ng'ombe juzi tu.

Na alama zake zipo. Mwombe dereva au askari akuonyeshe mahali palipokuwa na mazizi ya usiku. Utaona katikati ya nyasi ndefu ngumu pana kiwanja cha nyasi fupi, kijani kibichi, kwa sababu samadi ya miaka yote ile bado imo ardhini. Ngiri wanapajua. Utawakuta wamepiga magoti ya mbele, wanakula kwa haraka haraka, mama na watoto, na wakishtuka wanainua mikia wima na kukimbia kwa mstari. Ukiwa na subira sehemu kama hizi hulipa kuliko kuzunguka kilomita nyingi ukimtafuta simba.

Halafu kuna kijiji, ambacho wageni wengi hukipita wakielekea hotelini. Usifanye hivyo. Saadani ilikuwa bandari ya misafara ikishindana na Bagamoyo, pembe za ndovu na watumwa vikivushwa kwenda Zanzibar. Mtawala wake wa mwisho aliyesimama kwa miguu yake alikuwa Bwana Heri, ambaye Wazigua walimfuata na ambaye hata Sultani wa Zanzibar hakuwa na sauti kubwa mbele yake. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kuitawala pwani, Pangani ikawaka chini ya Abushiri bin Salim, na Saadani ikawaka chini ya Bwana Heri. Jeshi la Wajerumani likiongozwa na Wissmann liliupiga mji kwa mizinga na kuuteka Juni 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule. Bwana Heri aliingia bara, akajenga ngome za miti, akapigana mpaka Aprili 1890 ndipo akakubali amani, na yeye hawakumnyonga.

Leo yamebaki magofu ya boma la Wajerumani na makaburi ya kale. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, uombe upewe mwenyeji. Mara moja tulielekezwa kwa mzee aliyekuwa akishona wavu kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kwa boma?"

"Ndiyo babu."

"Basi anzeni na makaburi. Boma limekuja juzi."

Alituzungusha polepole, akitaja nani wa ukoo gani kalala wapi, na picha alituruhusu baadhi, nyingine akatukataza. Msikilize mwenyeji wako katika hilo. Vaa nguo ya heshima, kina mama wabebe kanga, na mpe mzee chochote kwa muda wake bila kungoja aombe. Mkiongea, jua pia kwamba kati ya wanakijiji na hifadhi kumekuwa na mvutano wa mpaka wa miaka mingi, hasa kitongoji cha Uvinje. Usiingie na maneno ya "pori tupu lisilo na watu" mbele ya mtu aliyezikiwa babu yake humo. Kabla ya kuondoka nunua samaki au uduvi hapo hapo, na umwombe mama yeyote anayepika akuuzie wali wa nazi na kamba. Mimi hotelini sili chakula cha mchana.

Anayependa historia iliyopangwa vizuri, yenye vibao na makumbusho, amalizie Bagamoyo: misheni ya Wakatoliki ya 1868, mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na mji ambao Wajerumani waliufanya makao yao makuu mpaka 1891. Lakini nenda Saadani kwanza. Ukianza na Bagamoyo utaiona Saadani kama kijiji cha kawaida.

Mengine ni ya haraka. Epuka masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa huku ukilowa hauchagui gari. Juni hadi Oktoba ndio wakati wangu, na Januari na Februari si mbaya ukivumilia joto. Gari liwe la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne, mafuta ujaze mjini. Raia beba kitambulisho cha taifa, bila hicho hutapata kiingilio cha raia, na malipo ni kwa kadi au namba ya kumbukumbu, si fedha mkononi, kwa hiyo maliza mambo hayo kabla mtandao haujakukimbia. Lala usiku mmoja angalau. Anayekuja na kuondoka siku hiyo hiyo analipia jua la mchana na mbung'o.

Anayetoka Dar huenda Chalinze, anavuka Wami, anaacha lami Mandera na kupita Miono na Mkange mpaka geti la Mvave. Sisi wa Tanga tunashuka Pangani, tunavuka mto, tunaambaa na pwani hadi Mkwaja. Barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo imekuwa ikijengwa, pamoja na daraja la Pangani, hivyo muulize dereva wa siku za karibuni pale stendi, usimwulize aliyepita mwaka jana. Ukitegemea kivuko, toka mapema, kwa sababu foleni ikikukuta ng'ambo ya mto hakuna wa kukufungulia geti baada ya saa kumi na mbili jioni.