Aliyebakwa akisema "nipimwe na mwanamke": neno la sheria na hukumu ya dini

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Naishi Glasgow, Scotland, na kazi yangu ni ukalimani. Wengi ninaowatafsiria ni kina mama wa Kibajuni, na wachache wa Unguja na Mombasa. Huitwa hospitali pale mwanamke amebakwa na anahitaji kupimwa ili ushahidi uchukuliwe. Sheria ya huku inampa nafasi ya kuomba awe daktari wa kike au wa kiume. Mwaka 2020 wabunge walibishana sana juu ya neno moja tu katika kifungu hicho, liwe "gender" au "sex", na mpaka leo kwenye mafunzo yetu watu hugawanyika: wako wanaosema neno lililowekwa linawabagua watu waliobadili jinsia. Mwanamke wa Kiislamu akisema "nataka mwanamke" amemdhulumu mtu? Akikosekana mwanamke, naye akakubali kupimwa na mwanamume, anapata dhambi? Na mimi nitafsiri vipi neno lenyewe, jinsi au jinsia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, dada yangu. Anayekaa pembeni ya mtu katika saa ile na kumsemea kwa lugha yake anafanya ibada kubwa.

Nianze na habari ya dhambi, kwa sababu ndiyo inayowachoma kina mama hao. Mwanamke aliyebakwa hana dhambi ya kilichomfika. Katika Sura Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anawataja wanawake waliolazimishwa, kisha anasema kuwa Yeye, baada ya kulazimishwa kwao, ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr kisa cha mwanamke aliyetoka kwenda kuswali zama za Mtume (s.a.w.), mwanamume akamvamia njiani na kumwingilia kwa nguvu. Alipofika mbele ya Mtume aliambiwa: nenda, Mwenyezi Mungu amekusamehe. Hakudaiwa mashahidi, wala hakuulizwa alivaa nini au kwa nini alitoka alfajiri. Msomee mama huyo kisa hiki kabla ya karatasi zozote, ukipata nafasi.

Sasa kupimwa. Asili ni kwamba utupu wa mwanamke hautazamwi na mwanamume ajinabii, yaani wa kando asiye mumewe wala ndugu wa karibu, na wanazuoni wote wanakubali kuwa tiba ni dharura inayoruhusu. Baraza la Fiqhi (sheria ya dini) la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilipanga daraja: kwanza daktari mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu anayeaminika, akikosekana mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiye Muislamu. Tazama daraja ya pili. Mwanamke asiye Muislamu ametangulizwa mbele ya mwanamume Muislamu. Kinachozingatiwa hapa ni mwili wa anayepimwa na mwili wa anayepima, na hilo limepewa uzito kuliko hata udugu wa dini.

Kwa hiyo mwanamke anayesema "nipimwe na mwanamke" hajamdhulumu mtu yeyote. Ameomba alichopewa na dini yake, na sheria ya nchi anayoishi imemfungulia mlango huohuo. Wala haki hiyo si ya Waislamu peke yao, au ya wanawake peke yao. Mwanamume aliyebakwa naye anaweza kuomba, na wapo wanaume watakaoona afadhali mwanamke awapime, kwa kuwa aliyewavunja heshima yao alikuwa mwanamume. Wasikilizwe.

Akikosekana mwanamke, akubali aliyepo na asisubiri. Ushahidi wa mwilini hupotea haraka, na huko kwenu vipimo hivyo kwa kawaida hufanywa ndani ya siku 7. Dharura hupimwa kwa kadiri yake: afunuliwe sehemu inayohitajika tu, wewe au muuguzi wa kike mkae naye, na ikiisha haja asitiriwe. Hana dhambi hata chembe. Nimewahi kuulizwa na mama aliyekataa kupimwa kwa sababu aliambiwa na jamaa zake kuwa ni bora ashitakie kwa Mungu kuliko kuonwa na daktari wa kiume. Maneno hayo si ya dini. Ni ya watu wanaotaka jambo lizimwe.

Nije kwenye neno. Sheria unayoitaja ilipitishwa na Bunge la Scotland tarehe 10 Desemba 2020 na ikaanza kutumika 1 Aprili 2022. Kheri yake kubwa ni kwamba mwenye miaka 16 au zaidi anaweza kwenda kupimwa bila kupitia polisi, na sampuli zake zikahifadhiwa miezi 26 huku akifikiri kama atashitaki. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha kuomba daktari, kilichotoka katika sheria ya mwaka 2014, nacho kilitumia neno la Kiingereza "gender". Mbunge Johann Lamont akaleta rekebisho la maneno sita tu: neno hilo liondolewe, liwekwe "sex", yaani umbile la kike au la kiume. Likapita kwa kura 113 dhidi ya 9. Andy Wightman, mbunge wa chama cha Kijani, alijiondoa katika chama chake siku chache baadaye kwa sababu ya mvutano wa mambo haya.

Waliopinga walihofia kuwa badiliko hilo lingewanyooshea kidole watu waliobadili jinsia, kana kwamba wao ni hatari kwa wagonjwa. Hofu hiyo siidharau. Lakini mimi naona wale 113 walikuwa sawa, kwa sababu haki ya kuomba ni ya aliyelala juu ya kitanda cha kupimiwa. Neno likiwa na maana mbili, ya umbile na ya namna mtu anavyojitambulisha, yeye ndiye atakayelazimika kueleza alikusudia ipi, na kueleza huko, saa chache baada ya kubakwa, ni adhabu nyingine.

Fiqhi yetu haijaanza leo kukutana na ugumu huu. Katika vitabu vya madhehebu ya Kishafii yumo khuntha mushkil, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyopambanuka. Wengi wa wanazuoni wetu wamesema, katika mambo ya kutazama, ichukuliwe hadhari kwa pande zote mbili: akiwa na wanawake ahesabiwe kama mwanamume, na akiwa na wanaume ahesabiwe kama mwanamke. Hawakumtukana, na swala yake na urithi wake vimeandikiwa milango kamili. Yule aliyezaliwa na umbile lililo wazi kisha akabadili, hukumu ya kutazama kwa wanazuoni walio wengi inabaki kwenye umbile la kuzaliwa. Hata hivyo, hilo halimpi mtu ruhusa ya kumtuhumu daktari kwa ubaya ambao hakuufanya. "Chuki ya watu isikupelekeeni kutofanya uadilifu" ni aya ya nane ya Sura Maida, na inatuhusu sisi kabla ya wengine. Kwenye mafunzo yenu teteeni haki ya manusura bila kumvunjia mtu heshima.

Na ukalimani wako? Nyaraka za serikali Tanzania huandika "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa nafasi ambazo jamii humpa mtu. Ni mpango mzuri wa ofisini. Lakini mwambie mama wa Kibajuni "una haki ya kuchagua jinsi ya daktari", naye atangoja umalizie: jinsi ya daktari kufanya nini? Ukisema "jinsia" atafahamu mwanamume au mwanamke, maana ndivyo tulivyolitumia neno hilo majumbani miaka yote. Asili ya yote mawili ni Kiarabu, jins, yaani aina. Chumbani usitumie lolote kati ya hayo. Muulize: "Mama, unataka akupime mwanamke au mwanamume?" Kisha nyamaza umpe muda wa kujibu, na atakalolisema ulifikishe kama lilivyo, bila kuongeza wala kulainisha. Wewe ni mwenye kubeba amana, na jibu lake ndilo amana yenyewe.

Wallahu a'lam.