Msumeno Uliochakaa Usiutupe: Namna ya Kujitengenezea Vikwangulio vya Mbao

Kuna mbao ambazo randa haiziwezi. Chukua mvule wenye nyuzi zinazopishana, au mninga uliopasuliwa karibu na fundo. Randa inateleza vizuri, halafu sentimita chache mbele inang'oa nyuzi na kuacha mashimo. Ukigeuza mbao, mashimo nayo yanahamia upande wa pili. Wengi hapo wanakimbilia msasa, wanasugua hadi mabega yanakufa ganzi, na vumbi linajaa puani. Vumbi la mvule lenyewe si la kuchezea, maana watu wengine linawawasha na kuwabana kifua.

Chombo kinachomaliza kazi hiyo ni kikwangulio, yaani kipande cha bamba la chuma gumu tu. Hakina mpini wala skrubu, na unene wake hauzidi milimita moja. Ukingo wake umekunjwa kidogo mno ukawa na ulimi ambao jicho halioni ila kidole kinauhisi. Ulimi huo ndio unaokata, na ukiwa sawasawa unatoa maranda mepesi kama maganda ya kitunguu, bila kujali nyuzi zimelalia wapi. Madukani kinauzwa, lakini sioni sababu ya kukinunua. Vyangu vyote nimevikata kutoka kwenye vyuma ambavyo wengine walishavitupa, na kile ninachokishika kila siku kilikuwa msumeno wa mkono.

Tuanze na chuma, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa mtaani unapotosha. Watu huambizana watafute chuma kigumu kupita vyote. Si kweli. Kikwangulio kinataka chuma cha katikati. Kiwe kigumu kiasi cha kushika makali, na kiwe kilaini kiasi kwamba tupa inakila na ulimi unakunjika bila kumeguka. Kwenye Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma, bamba la msumeno wa mkono wa zamani hucheza karibu na 50, na tupa iko 60 na zaidi. Ndiyo maana tupa iliyochakaa, pamoja na ugumu wake wote, haifai hapa. Ukijaribu kuikunja ukingo haikunjiki, na ukilazimisha unabaki na vipande vidogo vya chuma mezani. Vivyo hivyo kwa zile bledi nene za mashine ya kukatia vyuma ambazo ni chuma cha kasi, kile kigumu sana cha kukatia vyuma vingine, kuanzia mgongoni hadi kwenye meno. Hizo zihifadhi utengenezee visu vya kuchorea mistari.

Msumeno wa mkono unashinda kwa sababu waliouunda walitaka hayohayo tunayoyataka sisi: unolewe kwa tupa, upindwe bila kuvunjika, na urudi kunyooka. Bamba lake huwa kati ya milimita 0.7 na 1, na misumeno mizuri ya zamani hupungua unene kuelekea mgongoni, kwa hiyo msumeno mmoja unakupa vikwangulio vizito na vyepesi. Misumeno midogo yenye mgongo wa shaba au chuma ina bamba jembamba zaidi, zuri kwa kazi za kumalizia. Lakini kabla hujaukata, uangalie vizuri. Kama bamba limenyooka, mpini mzima na kutu ni ya juujuu, huo ni msumeno unaosubiri kunolewa, na kuukatakata ni dhambi. Tafuta uliopinda, uliopasuka au uliovunjika meno.

Misumeno ya siku hizi ambayo hainoleki nayo inafaa. Meno yake yamechomwa kwa umeme yakawa magumu kuliko tupa, na utayatambua kwa rangi nyeusi ya kibuluu inayokaa kwenye ncha tu. Kata ukanda huo wa meno utupe, bamba lililobaki ni la kawaida. Bao la chuma la kupigia lipu huwa chuma kizuri pia, likishasuguliwa saruji yote. Msumeno wa duara ni mnene mno kwa mikono. Bamba la milimita mbili halipindiki kwa vidole gumba, ila ukilitengenezea fremu ya mbao ya kulishikilia linafanya kazi nzito ya kung'oa gundi iliyokauka. Mikanda ya kufungia mizigo, mabati ya kawaida na vipande vya makabati ya chuma achana navyo.

Kama hujui ulichookota ni nini, kuna majaribio mawili yanayotosha. Lipinde taratibu kwa mikono miwili kisha uliachie: likibaki limepinda ni laini mno, na likirudi kunyooka lina matumaini. Halafu pitisha tupa pembeni. Tupa ikizama kama kwenye msumari, chuma ni laini. Ikiteleza ikitoa sauti ya kioo, ni kigumu mno. Unachotaka ni tupa ing'ate huku ikilalamika kidogo.

Kukata hakuhitaji maelezo marefu. Chora mstatili wa milimita 150 kwa 60, au 120 kwa 50 kama mikono yako ni midogo. Kwa grainda yenye diski ya milimita moja, usikate moja kwa moja. Pitisha mfereji unaofika karibu nusu ya unene, bana bamba kwenye jiliwa (kibano cha mezani) mfereji ukiwa juu kidogo ya midomo yake, weka kipande cha mbao nyuma, kisha gonga. Chuma kilichogumishwa hukatika kwenye mstari huohuo. Vaa miwani. Kipande kinachokatika hakikuulizi kinaruka wapi. Jihadhari pia na joto. Chuma kilichosafishwa kinapopashwa, rangi ya majani makavu huonekana karibu nyuzi joto 220 za Selsiasi na buluu karibu 300. Patasi ikifika buluu imekwisha, ila bamba la msumeno linavumilia zaidi, maana ugumu wake ulipunguzwa kiwandani kwa joto linalokaribia hapo. Likipita buluu likawa kijivu, sehemu hiyo iondoe kwa tupa. Weka ndoo ya maji karibu na usiwe na haraka.

Sasa tufike kwenye ukingo. Nikipewa kikwangulio kilichoshindikana, karibu kila mara chuma hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye ukingo ulioandaliwa kwa haraka. Ulimi ni chuma kilichosukumwa kutoka kwenye kona ya bamba, yaani pale ukingo unapokutana na uso. Kona hiyo ikiwa na mikwaruzo ya tupa au vishimo vya kutu, ulimi utakuwa na mapengo, na kila pengo litaacha mstari kwenye mbao.

Kwanza bana bamba kwenye jiliwa, ukingo mrefu ukitazama juu. Shika tupa yenye meno ya mstari mmoja, iweke ikikingama ukingo, kisha ivute kwa urefu hadi ukingo mzima ung'ae bila doa. Kuhakikisha iko nyuzi 90, chukua kibao kilichonyooka, kipasue mfereji kwa msumeno, chomeka tupa humo, na kibao kiegemee uso wa bamba kikikuongoza. Usikadirie kwa jicho. Kisha hamia kwenye kinoo. Ukingo usiutembeze mahali pamoja, maana utachimba mfereji kwenye jiwe. Egemeza bamba kwenye kibao cha mraba na ulisogeze mshazari, upande wa namba 400 kwanza, halafu 1000. Mikwaruzo ya tupa yote itoke.

Baada ya hapo laza bamba kwenye kinoo unoe nyuso zote mbili, sentimita moja kutoka ukingoni. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua. Uso ni nusu ya kona. Unaweza kung'arisha ukingo mpaka ujione sura, lakini kama uso una kutu, kona bado ina kutu. Vishimo vikiwa virefu kuliko kinoo kinavyoweza kuvifuta, sogea upande mwingine wa bamba au kata upya. Ukimaliza kingo zote mbili ndefu, kona zote nne ziwe kali na safi, na tayari zitakuwa zinakwangua kidogo hata kabla ya kukunjwa.

Chuma cha kukunjia ukingo nacho si lazima ukinunue dukani. Kinatakiwa kiwe kigumu kuliko bamba na laini kabisa usoni. Tupa ya pembetatu iliyochakaa inarudi kuwa na maana hapa: iondoe meno kwenye jiwe la grainda ukiipoza kila mara, viringisha kidogo kona zake, kisha ipige msasa na kuing'arisha hadi isiwe na mkwaruzo wowote. Shina la vali ya injini nalo ni zuri sana, tayari limeng'arishwa, na kichwa chake kinakuwa mahali pa kushika. Ila usiikate vali hiyo. Baadhi ya vali za kutolea moshi zina sodiamu ndani, na sodiamu ikikutana na maji inawaka. Bisibisi wengi wanaitumia, mimi siisifii. Nyingi hazina ugumu wa kutosha, na utajua kwa kuona shina limechorwa mistari baada ya kazi.

Kukunja kwenyewe ni kwa hatua mbili. Laza bamba mezani karibu na ukingo wa meza, dondoshea tone la mafuta, na upitishe chuma cha kukunjia juu ya uso, kikiwa karibu kimelala kabisa, mara kadhaa kwa mkandamizo wa wastani. Hapo unakisukuma chuma cha bamba kitokeze nje ya ukingo. Kisha simamisha bamba kwenye jiliwa, pitisha chuma cha kukunjia juu ya ukingo kikiwa mlalo kabisa, halafu kiinamishe nyuzi tano, labda nane, ukivuta kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Mipito miwili au mitatu inatosha. Nguvu nyingi ni adui. Ulimi uliokunjwa sana unajikunja kama ndoana, na utalazimika kulaza bamba karibu na mbao ndipo likate. Pitisha kidole kutoka katikati ya uso kuelekea nje, usikipitishe kwa urefu wa ukingo. Utahisi kinanasa.

Ukikitumia, kishike kwa mikono miwili, vidole gumba nyuma karibu na chini, na ukipinde kidogo sana. Anza kimesimama wima, kiinamishe mbele taratibu huku ukisukuma, na pale kinapoanza kung'ata ndipo pembe yako. Kikitoa vumbi badala ya maranda, ulimi haupo au umekufa. Kitapata moto, na si moto wa mzaha. Gumba zinaungua. Zungushia utepe wa kitambaa, au weka kipande cha ngozi. Wengine hubandika sumaku bapa mgongoni mwa bamba, nayo inasaidia kunyonya joto.

Usikomae na sehemu moja yenye kasoro. Kikwangulio hakina uso bapa wa kukuzuia kama randa, na kitachimba bonde ambalo hulioni mpaka vanishi ianze kung'aa. Panua eneo, kwenda mshazari, kurudi mshazari. Kwenye mbao laini kama msonobari usitarajie miujiza, kwa sababu nyuzi zake hulala badala ya kukatwa na uso unabaki na manyoya. Mpingo, mvule, mninga, mkongo: hizo ndizo mbao zake. Na kama utapaka rangi ya kupenya kwenye mbao, usikwangue nusu na kupiga msasa nusu. Sehemu hizo mbili hunywa rangi tofauti. Mimi nikimaliza kukwangua hupitisha msasa namba 240 kote, mara moja, mwepesi.

Makali yakififia si lazima urudi kwenye tupa. Laza bamba, urudishe ulimi kwa kuukandamiza kutoka usoni, kisha ukunje upya. Inawezekana kurudia hivyo mara tatu nne kabla chuma hakijachoka na kuanza kumeguka. Na kumbuka kingo ndefu mbili zina kona nne, kwa hiyo kikwangulio kilichoandaliwa kikamilifu kinakuwezesha kufanya kazi muda mrefu kabla hujagusa kinoo. Nikiwa na kazi kubwa ya meza naandaa viwili kwa pamoja, ili nisivunje mwendo. Viwekwe mbali na tupa na nyundo ndani ya sanduku. Mimi nimepasua mfereji kwenye kibao nikavichomeka humo.

Ukishazoea cha mstatili, tengeneza cha mviringo kwa ajili ya mabakuli, vijiko na viti vyenye mbonyeo. Chora umbo, kata kwa grainda kwa mistari mifupi iliyonyooka inayozunguka umbo, maliza kwa tupa. Kunoa duara kunasumbua zaidi, na kukunja pia, maana lazima mkono ufuate mzunguko bila kubadilisha pembe. Hapa chagua bamba jembamba, na viringisha ncha zote ambazo hazikati.

Vipande vyembamba vitakavyobaki, hata vya upana wa sentimita mbili, usivifagie. Chukua kimoja, kichonge ukingoni kwa tupa ndogo ya mviringo umbo unalotaka kwenye pambo la ukingo wa meza au fremu, kinoe nyuso zake, na ukibane ndani ya kibao kilichopasuliwa katikati chenye bega la kuegemea pembeni mwa mbao. Hicho hakihitaji ulimi. Kinakwangua kwa kona kali ya nyuzi 90, kwenda na kurudi, na kinafaa sana kwa mapambo madogo. Anzia mwisho wa mbao ulio mbali nawe ukirudi nyuma kidogo kidogo, ili kisiyumbe kabla hakijajichimbia njia.