Okidi Inayonukia Usiku Tu

SWALI: Mhariri, nina okidi ya maua meupe niliyoinunua kwenye bustani ya miche hapa Moshi. Niliihamishia kwenye chungu chenye udongo mweusi na samadi, nikawa naimwagilia kila jioni. Sasa baadhi ya mizizi inaoza na mingine inatambaa nje ya chungu. Tena mchana haina harufu hata kidogo, ila usiku inanukia sebule nzima. Je, inaumwa? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu harufu ondoa shaka. Yaelekea okidi yako ni ya jamii ya Aerangis au Angraecum, ambazo huchavushwa na nondo warukao gizani, kwa hiyo hutoa manukato saa ambazo nondo hao wako macho. Tazama nyuma ya ua: utaona mrija mwembamba unaoning'inia, na nekta, yaani maji matamu ya ua, imo nchani mwake. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, alipoona okidi ya Madagaska yenye mrija unaokaribia sentimita 30, alisema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo alikuja kuelezwa na wanasayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki.

Kinachonitia wasiwasi ni ule udongo. Msituni okidi hizi huota juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa hewani, na udongo wenye samadi huikosesha pumzi. Tafadhali itoe leo hii, ukate kwa wembe safi mizizi yote iliyolainika na kuwa ya kahawia, uiache kivulini siku moja vidonda vikauke, kisha uipande kwenye vipande vya mkaa vilivyooshwa, au uifunge kwa kamba ya katani kwenye tawi la mparachichi. Mizizi inayotambaa nje usiiguse, maana ndiyo yenye afya. Hiyo pia itakuongoza katika kumwagilia: ikiwa myeupe kama fedha imekauka, ikigeuka kijani imeshiba. Mwagilia asubuhi, kwa kuwa maji yanayolala katikati ya majani huozesha kitovu cha mmea, na upunguze maji miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Jua la asubuhi linaifaa. La saa sita litaibabua.

Ukitaka kuongeza nyingine, muulize muuzaji kama ameiotesha mwenyewe, na uikatae iliyobanduliwa msituni, kwani kuchuma mimea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ni marufuku.