Diski Haifunguki? Usiifomati Kwanza

Nachomeka diski ya nje kwenye kompyuta yangu ya Linux, taa inawaka lakini haionekani popote. Ndani mna picha za harusi za wateja. Imekufa? (Mpiga picha, Chumbageni)

Usiizike bado, kaka. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sudo dmesg -w`, kisha ichomoe na kuichomeka tena huku ukitazama. Ukiona jina kama sdb, kompyuta imeitambua; andika `lsblk -f` uone partisheni (migawanyo ya diski) zina hali gani. Ikitokea na kupotea, ikitokea na kupotea, shuku umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya sahani hula umeme mwingi pale inapoanza kuzunguka. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa waya mfupi. Tena jaribu waya mwingine kabisa: hewa yetu ya chumvi hapa Tanga inakula vichwa vya waya, ukivichunguza utakuta ukijani.

Nimetoka steshenari na diski yangu. Linux inaisoma, ila inakataa nisihifadhi kitu. (Mwanafunzi, Makorora)

Ama ilichomolewa kule bila kutolewa kwa utaratibu, ama Windows ilizimwa nusunusu kwa ule mtindo wake wa kuwaka haraka. NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili, ikibaki na alama ya kutofungwa vizuri, Linux inaweza kukufungulia kwa kusoma tu, na hapo inakulinda. Irudishe kwenye Windows, iendeshe `chkdsk` (amri ya kukagua na kurekebisha diski), halafu uitoe kwa utaratibu. `ntfsfix` ya Linux hurekebisha mambo madogo tu, haichukui nafasi ya `chkdsk`.

Flashi ina nafasi ya GB 20, mbona video ya GB 5 inagoma? (Ngamiani)

Flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao ndani yake faili moja haliwezi kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, kisha uifomati kwa exFAT, ambayo Linux inaifahamu ndani ya kerneli (kiini chake) tangu toleo 5.4 la mwaka 2019.

Marehemu mume wangu aliacha kasida alizorekodi kwenye diski. Sasa baadhi zinafunguka, nyingine zinaganda. Fundi anataka kuifomati. (Mama, Pangani)

Shikamoo mama, na pole sana. Tafadhali usimruhusu. Kufomati hakutibu diski inayokufa, na sauti ya mzee hairekodiwi mara ya pili. Hata `fsck`, amri ya Linux ya kurekebisha mfumo wa faili, isiguse diski hiyo, kwa sababu inaandika juu yake.

Mwambie kijana wako atafute diski nyingine yenye nafasi kuizidi hiyo, asakinishe ddrescue, programu ya kunakili diski inayokufa (kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue), aingie kwenye folda ya diski hiyo mpya, kisha, ikiwa ya mzee imetokea kwa jina la sdb, aandike:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb mzee.img mzee.map`

Programu hii huchukua kwanza sehemu zisizoharibika, ndipo irudie zilizoharibika. Faili la map huweka kumbukumbu ya ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika arudie amri ileile, itaendelea. Uchunguzi wote ufanywe kwenye nakala, yaani mzee.img. Photorec, programu ya kuokoa faili, inaweza kuzichambua sauti humo.

Ila diski ikianza kugonga tk-tk-tk, izimeni papo hapo. Hapo huenda kichwa cha kusomea kimeumia, na kila dakika inayozunguka inaweza kukwangua sahani zenye sauti yake.