Nina laptop ya RAM GB 4, naweza kutengeneza gemu?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, nipo Tanga. Laptop yangu ni ya zamani, RAM GB 4, haina kadi ya michoro. Mwaka mzima natazama video za kutengeneza gemu, bando linaisha na gemu hakuna. Niliweka injini moja kubwa, mashine ikaganda. Nitumie nini, na nijifunzie wapi?

JIBU: Marahaba. Usiuze mashine, inatosha kwa gemu za 2D. Pakua Godot, injini ndogo ya kutengenezea gemu. Faili lake halifiki MB 200. Unalifungua kwenye zip, unabofya, unaanza kazi. Ukifungua mradi mpya utaulizwa aina ya uchoraji: chagua Compatibility. Hiyo hutumia OpenGL, njia ya zamani ya kuchora picha kwenye skrini, na mashine kuukuu huimudu.

Godot ni ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu 2014. Leseni yake ya MIT inakuruhusu kuuza gemu yako bila kumkatia mtu senti. Nalisisitiza hili kwa sababu Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye injini kubwa ya gemu, ilitangaza kutoza ada kwa usakinishaji wa gemu zilizovuka viwango fulani, halafu mwaka 2024 ikaifuta. Sitaki ujenge nyumba kwenye kiwanja ambacho masharti yake yanaweza kubadilika ukiwa umeshaezeka.

Video ziache kwanza. Mwongozo rasmi wa Godot unapakuliwa mzima na kusomwa bila intaneti. Fanya somo la "Your first 2D game", uandike kila mstari kwa mkono wako. Kisha livuruge: ongeza kasi ya maadui, badilisha alama, uone kinachoharibika. Ukikwama, bonyeza F1 humo humo ndani ya Godot.

Picha chukua Kenney.nl, ni za CC0, unazitumia hata kwenye gemu ya kuuza bila kuomba ruhusa. OpenGameArt nako kuna hazina, ila kila kazi ina leseni yake. Ukiona CC-BY, lazima umtaje mchoraji, kwa hiyo andika majina hayo kwenye faili tangu siku ya kwanza. Sauti za milio na mapigo utazitengeneza kwa jsfxr, zana ya kuundia sauti za gemu.

Halafu tengeneza bao. Halina mwendo wa kasi wala michoro mizito, na wazee wa kukukosoa unao hapo hapo Tanga. Namua, ile hatua ya kuingiza kete za mkononi moja moja, iache, anza na bao la kujifunza: mashimo 32, kete mbili kila shimo. Kila mchezaji mpe orodha ya namba 16, yaani idadi ya kete za kila shimo lake, na mashimo yahesabu kuanzia la 0 hadi la 15. Kazi ya wiki ya kwanza ni moja tu: ukibofya shimo, kete zitoke na kusambaa moja moja, zikipita shimo la 15 zirudi la 0. Kila baada ya mtezo jumlisha orodha zote mbili. Jumla isipokuwa 64, kuna kete umeipoteza kwenye msimbo. Itafute kabla hujagusa kingine.

Ikishachezeka, itoe kwa mfumo wa wavuti na uipandishe itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, kisha niandikie tena tuzungumze namna ya kuingiza namua.